Meno Kenda ya De Soto

Gari lilikuwa limefumbua macho yote mawili, lakini kinywa kilikuwa kitupu.

Ndivyo Inspekta Mwadini alivyolikuta Alhamisi ile ya Oktoba 2017, saa tisa alasiri, katikati ya gereji ya Mzee Pandu huko Turffontein, Afrika Kusini. De Soto Diplomat ya mwaka 1951, kijani cha majani ya chai, taa zimeng'arishwa hadi unajiona ulivyonenepa. Chini ya taa, pengo refu jeusi.

"Meno yangu," alisema Mzee Pandu, mikono kichwani. "Wameniibia meno yangu!"

Mwadini alimchungulia mdomoni. Yalikuwapo yote, isipokuwa mawili.

"Ya gari, Inspekta! Vile vyuma vya mbele, vya kinywani! Ya gari!"

"Ah. Endelea, mzee."

Kwa kweli cheo cha inspekta kilishafutwa katika polisi ya Afrika Kusini. Mwadini alikuwa afisa mteule. Lakini Waswahili wa Turffontein walishamzoea hivyo, naye hakuona haja ya kugombana na watu wanaompa jina zuri bure. Alizaliwa Durban, katika ukoo wa watu wanaoitwa Wazanzibari ingawa Zanzibar kwenyewe hawajui inakaa upande gani. Nusu ya Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake. Nusu nyingine aliiokota katika kuhoji watuhumiwa.

"Hili gari," Mzee Pandu alieleza, "Wamarekani walilitengeneza kwa ajili ya kuwauzia wengine. Mwili wa Plymouth, uso wa De Soto. Kwao halikuuzwa hata moja. Sasa Mmarekani mmoja amelisikia, kalitaka. Jumamosi asubuhi lori linalichukua kwenda bandarini Durban."

"Meno ya De Soto ya Marekani hayaingii?"

"Mapana mno. Haya ni yake peke yake. Moja nimelipata Bulawayo, matatu yamekuja kwa posta kutoka Australia. Miaka minne, Inspekta! Jana yamerudi kutoka kupakwa nikeli, leo jioni nilikuwa niyafunge. Nimeapa sitoki mji huu mpaka jino la mwisho limekaa. Na Jumapili mimi na mke wangu tuna tiketi. Tunarudi kwetu Pemba, moja kwa moja."

Mwadini alitembea kulizunguka gari polepole. Jua lilipenya kwenye bati la plastiki la paa na kumwagika juu ya boneti kama asali. Vumbi la njano la machimbo ya zamani lilielea bila haraka ya kutua. Kutoka uwanja wa mbio ilisikika miguu ya farasi wakinyooshwa, mbali, laini, kama mvua inayofikiria kuja. Ungeweza kusimama pale ukasahau kilichokuleta. Mwadini alikaribia kusahau.

Juu ya meza ya kazi lilitandikwa blanketi la kijivu. Juu ya blanketi, alama tisa za kubonyea, na kipande cha kalenda kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi:

*Meno kenda yapo salama. Msiyatafute.*

"Mwizi mwenye adabu," alisema Mwadini. "Geti?"

"Lilikuwa na kufuli. Halikuguswa."

"Mara ya mwisho kuyaona?"

"Saa sita na nusu. Nikaondoka na Naseeb kwenda kuswali. Tumerudi saa saba na nusu, blanketi tupu."

"Nani alibaki?"

Aliyejibu ni Naseeb mwenyewe, fundi wa injini, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa na jibu hata kwa swali ambalo halijaulizwa.

"Inspekta, kazi imekwisha hii. Soma hiyo karatasi. *Kenda!* Sisi Wabongo tunasema tisa. Kenda ni Mkongo huyo hapo. Na ndiye aliyebaki."

Mkongo huyo hapo alikuwa François, fundi wa viti kutoka Lubumbashi. Alikaa kwenye kigoda kati ya makonstebo wawili wa doria, sindano kubwa bado imechomekwa kwenye kola ya shati. Konstebo mmoja alishatoa pingu, anazichezea.

"Unaitwa François?"

"Njo jina yangu, Inspekta."

"Uliyaiba meno?"

"Miye? Sikuibake kitu. Tangu asubui minashona bifotei ya ile motoka. Mashini inalia, sisikie mutu."

"Uliyaona?"

"Asubui minaiona, ile meno inalala pa blanketi sawa batoto. Nyuma ya pale, siione tena."

"Aliingia nani?"

"Hakuna mutu. Maman Biubwa tu, analeta chai."

"Unasema kenda?"

"Shee, Inspekta! Nitasema nini? Kwetu ni munane, kenda, kumi. Njo makosa?"

"Si kosa," Naseeb alidakia. "Ni ushahidi."

François alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi imekuwa laini kama kitambaa. "Inspekta, papier yangu ya ukimbizi inaisha kesho. Kesho asubui minapaswa kuwa Pretoria, pa mustari. Mukinifunga leo, kesho niko bila papier. Bila papier, miye si mutu tena hapa. Musinifunge pa neno moja tu. Eish, neno moja!"

Konstebo mwenye pingu alitazama saa. Zamu yake ilikuwa inakwisha na gari la doria lilikuwa nje. Alama za vidole zisingesaidia, maana katika gereji ile kila kitu kilikuwa na vidole vya kila mtu.

Mwadini alichana karatasi kwenye daftari lake, akampa François kalamu. "Andika. Unataka kumwambia mzee kwamba meno hayajapotea, na asihangaike kuyasaka. Kwa maneno yako."

François aliandika, ulimi nje. Mwadini akaisoma kwa sauti: "*Meno kenda iko salama. Musitafute.*"

"Umeona? Kenda!" alisema Naseeb.

"Nimeona *iko*," alisema Mwadini. "Tangu niingie hapa, kwa François meno *inalala*, meno *iko*. Kwa mwizi wetu meno *yapo*, na *msiyatafute*. Mwalimu wa shule asingepata pa kuweka wino mwekundu. Mtu haibi sarufi ndani ya saa moja, Naseeb."

"Basi ni nani? Mtu wa pwani hasemi kenda."

"Wa umri wako, hasemi. Bibi yangu alikufa na miaka tisini na mbili, na maisha yake yote hakuwahi kufika tisa. Akitoka nane anaingia kenda. Watu wazima wa visiwani walikuwa wakihesabu hivyo. Mzee Pandu, wewe unahesabuje?"

"Mimi? Kazini nahesabu kwa Kizungu, kama spana. Nyumbani..." Alikuwa ameliona neno linakokwenda, na hakupenda njia yake.

"Wewe ulikuwa msikitini, mzee. Naseeb alikuwa ubavuni kwako."

Nyuma ya gereji kulikuwa na jiko dogo, na mlango wake ulikuwa wazi. Bi Biubwa, mke wa Mzee Pandu, alisimama mbele ya kaango, uso umemetameta kwa joto. Hakugeuka. Mwadini aliingia akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wanywa chai?"

"Nanywa. Harufu imeniita. Tumo watu saba humu, nawe ukiwemo. Chapati zitatutosha?"

"Zatosha na kubaki." Alizihesabu kwenye sahani, moja moja, kwa ncha ya kidole. "Sita, saba, nane, ken..."

Kidole kilibaki hewani. Siagi ililia kwenye kaango. Mlangoni walishajaa wote, Naseeb mbele, mdomo wazi.

"Malizia, bibi," alisema Mwadini kwa upole.

"Kenda," alisema Bi Biubwa. Akazima jiko.

"Yako wapi?"

"Kwenye ndoo ya mchele. N'liyafunga kwa kanga, moja moja, yasikwaruzane." Alifuta mikono. Kisha, kabla ya mtu mwingine yeyote, alimtafuta François kwa macho. "Nisamehe, mwanangu. Mie n'liandika asije mzee akaanguka kwa presha. Sikujua neno langu litakutia wewe pingu. N'likuwa nageuza hii ya mwisho, nije niseme. Wallahi n'likuwa naja."

"Maman," alisema François, anapumua kama aliyetolewa majini, "miye minakulaka mchele yako kila siku. Kesho njo ningevunja yangu meno pa meno ya motoka!"

Hata konstebo alicheka. Mzee Pandu hakucheka.

"Biubwa. Miaka minne ya kazi yangu. Kwa nini?"

"Kwa sababu uliapa. Jino la mwisho likikaa, twaondoka." Sauti yake haikupanda. "Mayasa analala hapa, Pandu. Mwanangu wa pekee. Miaka minane kila Ijumaa n'nakwenda kumng'olea majani kaburini. Mie nikenda Pemba, nani atakwenda? Mmarekani?"

"Ungeniambia!"

"Ungen'uliza! Kila asubuhi wasimama mbele ya hilo gari, mikono nyuma, wasema nalo: *Haya mama, leo wataka nini?* Mie niko hapa, nakanda unga, nasikia. Miaka minne hujageuza shingo ukan'uliza mie."

Nje, farasi mmoja alipiga chafya. Mwanga wa paa ulikuwa umesogea, sasa ulimwangukia mwanamke yule begani, ukakaa.

"Mlalamikaji ni wewe, mzee," alisema Mwadini hatimaye. "Mke kuficha vitu vya mumewe ndani ya mchele, kifungu chake sikifahamu. Ukitaka nikitafute, nitakitafuta."

Mzee Pandu alitikisa kichwa. Aliandika maelezo ya kuondoa malalamiko kwenye meza ya jikoni, karatasi ikanywa siagi, akatia sahihi. Konstebo alirudisha pingu mkandani. Naseeb alimshika François bega.

"Kaka, nili..."

"Kesho unanipeleka Pretoria," alisema François. "Saa ya asubui sana. Na petrol ni yako."

"Sharp," alikubali Naseeb, mdogo kama kisoda.

Mzee Pandu alibaki amesimama. Alikunja mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama mbele ya lile gari, akageuka.

"Haya, Biubwa. Jumapili hatuendi. Sasa nakuuliza. Wataka nini?"

Bi Biubwa alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina alilolisahau.

"Kabla hawajalichukua," alisema, "nipeleke kwa mwanangu kwa hilo gari. Hajapata kuliona."

Jumamosi asubuhi De Soto ilitoka getini, meno yote tisa nje. Ilipita taratibu, haina sauti, ni kama barabara ndiyo iliyokuwa ikivutwa chini yake. Kwenye robot, zile taa za barabarani, wauza matunda waliacha kupanga ndizi wakabaki wanatazama. Bi Biubwa alikaa mbele, mkoba mapajani, hatazami kushoto wala kulia. Nyuma alikaa François, karatasi mpya mfukoni, viatu mkononi, asije akachafua viti vyake.

Makaburini Mzee Pandu alizima injini, akazunguka, akamfungulia mkewe mlango. Kisha akapandisha mikono ya shati lake la safari, akapiga magoti kwenye nyasi, akaanza kung'oa.

Dereva wa lori la Durban alipiga simu mara tatu. Hakuna aliyepokea.