Mishale Isiyo na Alama

Peugeot 504 ilipita kizuizi cha polisi cha Kwa Vonza bila kupunguza mwendo.

Nyuma yake, Nzuki akakanyaga mafuta. Land Rover ikazama katika vumbi.

Amri aliipokea asubuhi kwa redio ya Motorola, kutoka kwa mkubwa wake aliyeitwa Mlima: "Mbuzi anatoka Kitui kwenda Tawa. Mfuate. Usimguse." Hakuuliza kwa nini. Miaka kumi na tisa katika idara ya ujasusi alikuwa haulizi.

Ilikuwa Januari 1993, wiki ya pili baada ya kura ya vyama vingi.

Penye mto mkavu tairi la Peugeot likapasuka. Gari likayumba, likalala ubavu mchangani. Dereva akatambaa nje, akakuta bastola ya Nzuki, Browning, inamtazama.

"Usipige, afande! Naitwa Kiilu. Mimi ni wa mzigo tu!"

Gunia la ndengu lilikuwa limepasuka. Katikati ya ndengu kulikuwa na mishale, mipya, sitini.

"Ya nani?"

"Kuna watu wanne hotelini Tawa. Saa kumi wanachoma duka la Mama Wariara, yule Mkikuyu, na kumuua. Mishale inaachwa hapo."

"Ili?"

"Ili isemwe ni sisi Wakamba tumemuua, afande. Kwa sababu ya kura yake."

Nzuki aliokota mmoja, akauzungusha. Hakusikia hasira. Hakusikia kitu. Akabonyeza redio.

"Mlima, mbuzi ameanguka. Tumboni ana mishale."

Sauti ya Mlima ikakwaruza.

"Mrudishe barabarani. Afike."

"Rudia."

"Afike, Nzuki."

Redioni hakuna majina. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na Mlima ndiye aliyemfundisha.

Alizima redio. Akampakia Kiilu na gunia.

Saa tisa na nusu soko la Tawa lilikuwa limejaa. Nzuki alimwaga mishale yote kwenye meza ya Musyoka, muuza nyama, ambaye zamani alikuwa mwindaji.

"Hii ni ya nani?"

Musyoka akapangusa mikono. Akatazama mmoja, wa pili, wa kumi. Akaangua kicheko.

"Ya mjinga! Haina alama. Baba yangu alichonga mikato mitatu, mimi nikaongeza mmoja. Ukipiga swara na mshale usio na alama, utamwambia nani ni wako? Utakula ugali mkavu!"

Watu wakasogea. Kila mwanamume akatafuta alama ya ukoo wake. Hakuna aliyeipata.

"Mwenye kuitengeneza si wa hapa," Nzuki alisema. "Alitaka mzike Mama Wariara, kisha mfungwe nyinyi. Kiilu, rudia ulichoniambia."

Kiilu akarudia, huku ameinamisha kichwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mutindi, muuza nyanya, aliinua kigoda chake, akaenda kuketi mlangoni kwa Mama Wariara. Mwingine akafuata. Kufikia saa kumi kasorobo, mlango ulikuwa hauonekani.

Hotelini, wanaume wanne waliacha kunywa. Mmoja akaingiza mkono ndani ya koti. Nzuki alikuwa ameshaingia; jamaa akahisi mdomo wa Browning kwenye mbavu.

"Chai yako inapoa," alisema Nzuki. "Toa mkono. Polepole."

Bastola ya jamaa ikabaki mezani kando ya mandazi. Wanne wakatoka mbele ya macho ya soko zima, wakaingia kwenye Datsun yao. Musyoka aliwapungia kisu.

"Mkirudi, mje na alama!"

Mama Wariara, jina lake Waithera, mzaliwa wa Nyeri, miaka ishirini nyuma ya kaunta ile ile, alimfungulia Nzuki soda.

"Nilipiga kura, mwanangu. Hilo ndilo kosa langu?"

"Si kosa, mama."

"Basi mbona walikuja?"

Nzuki alikunywa soda. Ilikuwa ya moto. Hakujali.

"Na wewe ulimpigia nani?"

"Nilikuwa kazini."

Alitoa Motorola mfukoni, akailaza kwenye kaunta kando ya mizani. Akapita katikati ya wanawake waliokaa mlangoni, wakamsogezea miguu. Land Rover ya idara aliiacha pale pale, funguo ndani.

Akashika njia ya Kasikeu, kijijini kwao, kwa miguu.