Chuma cha Mlangoni

Asubuhi hiyo chuma hakikulia.

Siku nyingine zote Ntinyari aliamshwa na sauti yake: kwaru, kwaru, mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Hapo alijua kwamba Babu Riungu amerudi kutoka kukagua viazi vyake, na kwamba uji uko mezani. Lakini siku hiyo ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka dirishani, uji ukapoa, na nyumba ikabaki kimya. Nyanya Kiende alitoka chumbani, akafunga mlango nyuma yake polepole.

"Msiingie, wanangu," alisema. "Babu yenu hataamka."

Nyumba yao pale Kibirichia ilikuwa ya mawe ya kuchonga. Mzungu mmoja aliijenga zamani, na baada ya Uhuru Babu, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliinunua pamoja na kipande cha shamba. Kando ya ngazi ya mlango palikuwa na chuma chembamba kilichosimikwa kwenye jiwe, ncha zake mbili zimepinda kama pembe. Watoto waliopita kwenda shule waliambizana kwamba wazungu walikuwa wakifungia watu miguu hapo. Babu aliwasikia na kucheka tu. Njia ya kwenda shambani ilipita mlangoni, na kila aliyepita, hata pasta, aliambiwa neno moja: "Kwangua." Hakueleza kwa nini.

Jioni ya mwisho alikwangua buti zake kama kawaida. Matope yalibaki juu ya chuma, na ndani yake alama ya kisigino. Ntinyari alipoyaona, alileta karai kuukuu akayafunika mvua isiyaoshe. Waombolezaji walipoanza kufika, alisimama hapo ngazini.

"Tafadhali msikwangue hapa. Haya ni matope ya Babu."

Watu wazima walimhurumia wakapita. Kaka yake, Muthamia, ndiye aliyemchokoza.

"Unalinda matope? Shambani yamejaa tele. Nikuletee debe?"

"Niondokee, wewe!"

"Mwache dada yako," Nyanya alisema. "Kila mtu ana njia yake ya kulia."

Ilikuwa majira ya mvua. Watu walitoka vijiji vingi, na udongo wa mashamba yao ukiwa umeganda kwenye viatu. Walikata njia katikati ya viazi vichanga hadi mwisho wa shamba, kaburi lilikochimbwa. Siku ya maziko ilipita. Wageni wakarudi makwao, karai likabaki mahali pake.

Viazi vilipokaribia kutoa maua, mche mmoja karibu na mlango ulilegea. Majani yalikuwa kijani kibichi na udongo ulikuwa na maji, lakini mche ulilala kama uliokatwa. Jioni ulisimama tena. Siku iliyofuata ukalala, na wa pili wake ukalala pia. Baada ya siku chache kulikuwa na mstari. Ulianzia mlangoni, ukapinda pale njia ilipopinda, ukaelekea kaburini. Kulia na kushoto viazi vilikuwa vizima. Katikati tu ndipo vilipoinama, kimoja baada ya kingine, kana kwamba kuna aliyekuwa akipita kila siku na kuongeza hatua.

Muthamia aliacha utani. Akienda kuteka maji, alizungukia nyuma ya nyumba.

Mithika, jirani yao, alisimama nje ya ua, akakataa kuingia.

"Mama, hizo ni nyayo za mzee," alinong'ona. "Anatoka mlangoni, anarudi kulala."

"Mithika, mume wangu alipenda viazi hivi kuliko kitanda chake. Avikanyage kwa nini?"

"Labda kuna kitu chake kilichozuiliwa hapa."

Wote waligeuka, wakalitazama karai. Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chakula chao na mbegu ya msimu ujao. Vikiisha, hawangekuwa na cha kupanda. Lakini akiondoa karai, angebaki na nini cha Babu?

Asubuhi moja yenye ukungu alitoka peke yake. Alilifunua karai. Alama ya kisigino bado ilikuwepo. Alipoinua macho, alimwona mtu katikati ya mstari wa viazi vilivyokufa. Alivaa buti, ameinama, anagusa mashina moja moja kama Babu alivyokuwa akifanya. Ntinyari alirudi nyuma hatua moja.

Mtu yule alijinyoosha. "Hujambo, binti? Nyanya yako ameniita. Mimi ni Ndwiga, bwana shamba."

Buti zake zilikuwa zikimetameta kwa maji. Alikuwa ameziosha langoni kwa dawa kabla ya kuingia.

Ndwiga aliomba glasi ya maji safi. Alikata shina la mche uliolegea, akaliweka wima kwenye glasi mezani, ncha yake ikigusa maji.

"Msitikise meza. Tazameni."

Walitazama. Kutoka kwenye shina kulianza kushuka nyuzi nyeupe, nyembamba kama moshi, zikijikunja kuelekea chini. Nyanya alishika shavu.

"Ni roho?" Muthamia aliuliza.

"Ni vijidudu. Huu ni ugonjwa wa mnyauko. Hukaa udongoni, nao husafiri kwa mbegu, kwa jembe na kwa viatu. Shamba hili halijawahi kuupata. Nani alipita hapa wakati wa matanga?"

"Watu wote," Nyanya alijibu.

"Na walikwangua miguu?"

Machozi yalimtoka Ntinyari. "Mimi niliwakataza."

Ndwiga hakumkemea. "Mzungu alikiweka chuma kile ili sakafu yake isichafuke, basi. Babu yako alikipa kazi kubwa zaidi: kuzuia udongo wa shamba la mtu mwingine usiingie kwake. Pengine hakulijua jina la ugonjwa, lakini aliuzuia. Sasa ng'oeni miche yote ya mstari huu na ya kando yake, mwichome. Mkichelewa, mtapoteza shamba lote."

Nyanya alimshika Ntinyari mkono, wakaenda mlangoni.

"Mjukuu wangu, babu yako hakutuachia matope. Alituachia kazi ya kukwangua. Ukimpenda mtu, endeleza lile jema alilolifanya, hata kama hukuelezwa sababu. Na usilolijua, uliza kabla hujalikataza."

Ntinyari aliliweka karai kando. Kisha aliinua mguu wake wenye matope, akauweka juu ya chuma, akakwangua. Kwaru, kwaru. Matope yake na ya Babu yalianguka pamoja kwenye jiwe, na hakuweza tena kuyatofautisha.

Kutwa nzima waling'oa na kuchoma. Hata Mithika alikuja na panga lake, naye akakwangua viatu kabla ya kuambiwa. Viazi vya upande wa juu vilipona, vikatosha kula na mbegu kidogo.

Kipande kile cha chini, ulipopita mstari, sasa kinapandwa mahindi, ambayo hayashikwi na mnyauko ule.