Zamu ya Ghorofa ya Juu

Alipotoka bafuni, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Mshonaji alisimama, taulo mkononi, akakitazama. Muda mfupi tu uliopita alikuwa amejigaragaza juu yake kwa makusudi, akavuruga mashuka na kutupa mto sakafuni. Mlango aliufunga kwa komeo kutoka ndani, na komeo lilikuwa bado mahali pake. Lakini mto ulikuwa umerudi, shuka limenyooka kama karatasi, na pembe ya upande wa dirisha imekunjwa mara mbili na kuchomekwa ndani kwa kidole kimoja.

Hakuna mtu mwingine ila mama yake aliyekunja pembe vile. Yeye mwenyewe alifundishwa utotoni, kwa kofi jepesi la mkono kila alipokosea.

"Hata ulipokufa hawakukupa likizo, mama," alisema, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya hasira.

Chumba hicho ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote katika hoteli ile kongwe. Pale mapokezi palikuwa na bango: mwanamke asiye na uso, amevaa aproni, na chini yake maneno "Lala na Jini Mtandikaji. Vuruga kitanda, uone!" Wageni walipiga picha kando yake wakicheka. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Manukato kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake, alimkabidhi mshonaji ufunguo bila kumtambua.

"Usiogope, dada. Jini wetu mpole. Tena mchapakazi kuliko hawa ninaowalipa mshahara."

Wahudumu walicheka kwa adabu. Mshonaji aliuma meno akapanda ngazi.

Mama yake mdogo, aliyewahi kufua nguo za hoteli hiyo, ndiye aliyemwambia ukweli siku iliyotangulia.

"Jini gani ana zamu?" alifyonya. "Yule ni dada yangu. Pale mtandikaji haachi ghorofa mpaka mwenzake azishike funguo kutoka mkononi mwake na kusema, 'Nimepokea, kapumzike.' Ndiyo sheria yao, hata uwe unakata roho. Siku ile mwenzake hakuja. Mama yako kifua kikambana, akashuka akijishikiza ukutani, akamwomba Manukato azipokee yeye. Nilikuwepo, nimebeba kapu la taulo. Unajua alimjibu nini? 'Mimi meneja mzima nipokee funguo za mtandikaji? Rudi juu.' Akarudi. Tukamkuta ameanguka kando ya toroli, funguo mkononi, vidole havifunguki."

"Zikatolewaje?"

"Hazikutolewa. Tulimzika nazo. Na Manukato alikuja msibani kulalamika kwamba mali ya hoteli imepotea."

"Basi nitakwenda kuzipokea mimi."

"Wee! Koma kabisa! Anayepokea ndiye anayebaki na ghorofa."

"Basi nitabaki, mama mdogo. Amechoka."

Sasa giza lilikuwa limeingia, na mshonaji aliketi kwenye ukingo wa kitanda akisubiri. Kwanza alisikia gurudumu. Lilikuwa gurudumu moja bovu, likilia kila linapozunguka, mbali, mwisho wa ukumbi. Kisha ikaja harufu ya sabuni na ya pasi ya moto iliyowekwa juu ya kitambaa kibichi, harufu ya kifua cha mama yake jioni alipotoka kazini, na baada ya harufu kikaja kikohozi, kikavu, cha mtu anayejizuia ili asiwaamshe wageni, na gurudumu likaendelea kusogea, mlango baada ya mlango, likisimama kila mlango kana kwamba kuna mtu anayetega sikio kwanza, hata likafika mlangoni kwake likanyamaza, na katika ule ukimya mshonaji akaona miguu yake imekwisha kusimama bila ya yeye kuiamuru, na mkono wake unafungua komeo.

Ukumbini taa zilikuwa zimezimika. Karibu na toroli palikuwa na mtu aliyeinama, na mbele ya mtu huyo ulinyooka mkono umeshika funguo.

"Mwenzangu amefika?" sauti ilinong'ona.

"Ni mimi, mama." Akanyoosha kiganja. "Nime—"

Mkono wa pili, baridi kama shuka lililolala nje kwenye kamba, ulimziba mdomo.

"Si wewe," sauti ilisema. "Wewe hukunikosea."

Hapo ndipo manukato yalipofika.

Meneja alikuwa na mchezo wake wa kupanda juu usiku na kukwaruza milango kwa kucha, mgeni asije akadai kwamba hakuona jini. Alitokea kwenye ngazi akinyata, tochi ya simu ikiangaza sakafu. Mwanga ukagusa toroli, ukagusa aproni, ukatua kwenye zile funguo.

"Nani kakuruhusu kuwa huku juu saa hizi?" alifoka kwa sauti ya chini. "Na hizo funguo! Ndizo zilizopotea, kumbe mliiba! Lete."

Mshonaji alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Angeweza kumwonya, maana neno lilikuwa kwenye ulimi. Akakumbuka bango, akameza neno lile.

Manukato alizishika funguo akavuta. Vidole havikufunguka. Akavuta tena, mshipa ukamtoka shingoni.

"Achia!"

"Sema kwanza," sauti ilimwambia, kwa adabu ya mfanyakazi.

"Nini? Haya, nimepokea! Nimepokea, mama, kapumzike huko! Achia!"

Vidole vikafunguka, kimoja kimoja. Ikasikika pumzi ndefu, ya mtu anayeketi baada ya kusimama kutwa nzima, na harufu ya sabuni ikapita shavuni kwa mshonaji kama busu, ikaondoka.

Manukato alicheka. Kisha akajaribu kuzitia funguo mfukoni, na kiganja kikakataa kufunguka. Akakipiga ukutani. Akaking'ata. Lile gurudumu bovu likalia lenyewe, toroli likasogea taratibu likamgusa tumbo, kama ng'ombe anayemsukuma mchungaji wake.

"Dada," alinong'ona. "Dada, chukua hizi. Sema neno tu."

Mshonaji aliingia chumbani akafunga komeo.

Alivuruga kitanda akalala. Asubuhi kilikuwa vilevile, mashuka yamesokotana, mto sakafuni. Alikitazama kwa muda mrefu, akatabasamu. Katika vyumba vingine, milango wazi, vitanda vilikuwa vimetandikwa vibaya sana, pembe zote zinaning'inia. Nyuma ya mlango wa stoo mtu alikuwa anakohoa.

Pale chini, mhudumu wa mapokezi alikuwa na wasiwasi.

"Habari za asubuhi, dada. Hukumwona meneja huko juu? Gari lake lipo, simu hapokei. Atashuka saa ngapi?"

Mshonaji alibandua bango ukutani, akalikunja mara mbili, akalitia kwenye mkoba wake.

"Akipokelewa," alisema.