Mkuki Aliopewa Kambale

Mvua ndiyo iliyowasukuma watu ndani ya maktaba ya Yeoville, mtaa wa wahamiaji, wengine na mifuko yao ya mboga, na humo wakamkuta mama mmoja wa Ayalandi akisoma mashairi kwa lugha ya kwao. Masika, msusi, kitenge kimemganda mwilini kwa maji, akamnong'oneza fundi cherehani aliyekaa pembeni yake.

"Anaimba ao anagombana?"

"Anasimulia mabomu ya mjini kwao," alijibu fundi huyo, Hénock, aliyekuwa na karatasi ya tafsiri. "Anayachanganya na vita vya kale, wafalme walivyouana kwa ajili ya fahali mmoja."

"Fahali! Basi hao ni ndugu zetu."

Wakacheka mpaka wakanyamazishwa. Mapenzi yakaanzia hapo, ya simu asubuhi na jioni na chérie zisizokwisha. Ndipo Masika alipomwambia jambo ambalo hata mama yake hakulijua. Siku waasi walipoingia mtaani kwao Beni, mdogo wake Kambale alijificha chini ya kitanda, akampigia simu yeye, dada yake, akilia: "Yaya, ninaogopa." Wakamuulia humo humo.

Sasa Hénock bwana, nani alimtuma? Siku ya kuwakumbuka waliouawa, kanisani La Rochelle, akasimama na suti yake ya bluu, akasoma shairi alilolitunga kimyakimya. Humo Kambale alikuwa shujaa wa enzi za mababu, mkuki mkononi, akiwazuia waasi mlangoni peke yake. Kanisa zima vigelegele. Video ikafika Butembo kwa mama yake Masika kabla watu hawajamaliza kula.

Masika akamwita nje, getini. Hénock alitoka akitabasamu, akidhani anakwenda kukumbatiwa.

"Mama amenipigia," alisema Masika. "Anacheka, Hénock. Tangu msiba sijamsikia akicheka. Anauliza kwa nini nilimficha kwamba mtoto wake alipigana."

"Si vizuri, chérie?"

"Kambale hakuwa na mkuki. Alikuwa mtoto, aliogopa. Aliniambia mimi tu, na mimi nikakuambia weye tu."

"Nisamehe, roho yangu. Nitampigia mama sasa hivi, nimwambie ukweli."

"Umuue na yeye? Thubutu! Muachie shujaa wake."

"Basi nifanye nini?"

"Eish, hakuna." Akamnyoosha kola taratibu, machozi yakimtiririka. "Ninakupenda, lakini nikikuangalia ninamwona yule wa mkuki. Wangu simwoni tena."

Akapanda teksi ya Berea, hakugeuka. Hénock alitamani kulimeza shairi lote, neno kwa neno. Lakini ndani walikuwa wanamwita: mama yake Masika yuko kwenye simu, anaomba alisikie tena kutoka kinywani mwake. Akaingia, akalisoma lote, mpaka mwisho.