Zilipopungua Fremu Saba

Fundi Bisibisi alitoka dukani jua likishuka. Alimwambia mkewe, "Nakwenda, narudi," naye mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Siku zote unasema hivyo, halafu unakuta maongezi njiani."

Alikuwa anakwenda mtaa wa tatu kuchukua kadi kuukuu ya grafiki, ile inayochora picha za gemu ndani ya kompyuta. Mwalimu wa jirani alitaka kucheza gemu ya mpira, na kompyuta yake ya zamani ilihitaji kadi ya zamani mwenzake. Alitaka alinganishiwe mbili ndipo achague. Mwalimu huyo hata kalamu hanunui mpaka aandike nayo jina lake mara tatu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Kadi moja ilikuwepo rafuni. Ya pili ilikuwa kwa dada wa fundi mwenzake aliyetoweka mwaka jana. Watu walisema fundi yule amemkimbia mkewe. Hakuwa na mke, lakini watu wakishaamua, wewe ni nani ubishe?

Dada mtu hakumkaribisha ndani. Alimpa kadi ikiwa imeviringishwa kwenye taulo, ameishika kwa ncha za vidole.

"Ichukue, kaka. Itumie, iuze, hiari yako. Ila usiilinganishe na nyingine."

"Kwani itaona wivu, dada?"

Hakucheka.

"Kaka yangu alisema haipendi kupimwa," alinong'ona, akafunga mlango.

Sikio la kufa, jamani, halisikii dawa. Bisibisi alirudi dukani anapiga mluzi.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Namba, alikuwa ameshawasha taa. Kalamu aliichomeka kwenye nywele kama kawaida yake. Kazi waliigawana: Bisibisi alifungua na kufunga skrubu, yeye akaandika namba. Na kitufe cha kuanzisha kipimo alibonyeza yeye, hakuna mwingine. Siku ya kwanza kufungua duka Bisibisi alibonyeza mwenyewe, kadi ikatoa moshi. Tangu hapo alisema mkono wa mkewe ndio una heri.

Kipimo chenyewe walikirithi kwa mzee aliyewafundisha kazi mafundi wote wa pale. Ni kipande cha gemu ya kale: uwanja wa mji, katikati chemchemi ya maji, na kamera inazunguka yenyewe mpaka uizime. Uwanjani hamna mtu. Mzee alikichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana kila mtu anayeongezwa kwenye picha ni mzigo kwa kadi, na fremu kwa sekunde, yaani picha inazochora kila sekunde, zinapungua. Uwanja mtupu hausemi uongo.

Kadi ya rafuni ilitoa fremu sitini na mbili. Bi Namba akaandika kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika mgongoni mwa kadi.

Bisibisi akaifungua ile ya taulo. Mgongoni ilikuwa na vipande vinne tayari. 58. 51. 44. 37. Miandiko minne tofauti.

"Huu wa tatu ni wa mzee," alisema. Mzee yule alitoka siku moja kununua skrubu, hakurudi tena.

"Na huu wa mwisho ni wa mwenzako," alisema Bi Namba. Akapiga hesabu kwa vidole. "Inapungua saba saba. Kadi huzeeka hivi?"

"Kadi haizeeki hivi."

"Basi tuone." Akabonyeza.

Uwanja ukatokea. Mtupu. Pembeni namba ikasimama kwenye thelathini, haipandi, haishuki. Bi Namba akaandika 30, akabandika kipande kwenye ukingo wa meza.

"Saba tena," alisema. "Inachora nini hiyo mpaka ielemewe?"

Kamera ikazunguka nyuma ya chemchemi.

Watu wanne.

Walisimama wamewapa mgongo. Wa tatu alivaa kofia ya kitambaa yenye tundu juu, ile ile ya mzee. Wa nne alikuwa na begi lenye zipu iliyokatika, likining'inia bega moja. Bisibisi alilijua lile begi. Alishawahi kuliazima.

"Mke wangu... unawaona?"

"Nasikia maji," alisema Bi Namba.

Spika hazikuwa zimechomekwa. Lakini harufu ilikuja, ya mawe yaliyoloa, mle dukani ambamo hamkuwahi kunuka kitu ila vumbi na plastiki ya moto.

Namba ikashuka.

Ishirini na tatu.

Kwenye ukingo wa chemchemi alikaa mwanamke. Mgongo wake tu ulionekana. Kalamu ilichomekwa kwenye nywele.

Bisibisi akageuka upesi. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake, alhamdulillahi, amekaa. Ila mkono uliokuwa mezani sasa ulikuwa kidevuni, na hakuuona ukipita katikati. Kope zilifumba. Zikabaki zimefumba. Zikafumbuka.

"Fu...," alisema. "...ndi."

Alikuwa anakwamakwama. Anaganda, anaruka, anaganda, mfano wa gemu nzito kwenye kadi dhaifu. Bisibisi ameona gemu ngapi zikikwama vile? Mamia, na hakuna hata moja iliyomwita fundi.

Akarusha mkono kwenye swichi ya ukutani. Kitu kikamzuia, sijui ni woga au ni akili. Akampigia simu yule dada.

"Umelinganisha," alisema dada, kabla hajaulizwa.

"Nizime?"

"Nani alibonyeza?"

"Mke wangu."

Sauti ikaja chini sana.

"Kaka yangu alibonyeza mwenyewe. Akaanza kuganda hivyo hivyo. Nikazima mimi, kwa mkono wangu huu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu."

"Kwa hiyo nisizime? Nifanye nini sasa?"

"Sijui."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ungeniamini?"

Akakata. Na ukweli ni kwamba asingemwamini.

Basi akakaa na mkewe. Fundi mzima, mwenye bisibisi kumi na nne za kila saizi, hana pa kuanzia kufungua. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa, halafu wa moto, halafu wa baridi. Akamwambia asiogope.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulizima kwa mpigo, huko nje watu wakaguna kama kawaida yao. Kompyuta haikuzima. Chini ya meza betri ya dharura ililia: pii. Betri ile ilikuwa kuukuu, ikijitahidi sana inafika dakika tano.

Pii.

Bisibisi alikimbia mlangoni, akapiga kelele kumwita kinyozi wa jirani mwenye jenereta. Kinyozi alikuwa amefunga zamani. Akarudi mbio. Akachomoa skrini ili umeme usiliwe bure, akabaki gizani na mlio wa feni. Alijuta hapo hapo, maana sasa hakujua kule uwanjani kunatokea nini.

Pii. Pii.

"Usi...," alisema mkewe gizani.

"Niko hapa. Niko hapa, mama."

"...bo..."

Pii pii pii.

"...nyeze."

Feni ikazunguka polepole. Ikasimama.

Mkono aliokuwa ameushika haukuchomoka. Haukuwepo tu.

Umeme uliporudi, kiti kilikuwa kimelowa. Bisibisi aliichomeka upya ile kadi, akaichomoa, akaipuliza, akaibembeleza, akaitukana. Haikuwaka. La kuvunda halina ubani. Kulipopambazuka alikuwa bado ameikumbatia.

Mwalimu alifika na chupa yake ya chai, mchangamfu.

"Haya, Fundi, ipi bora? Bi Namba yuko wapi?"

Bisibisi aliichomeka kadi ya rafuni, ile safi ya sitini na mbili. Kitufe kikamsubiri. Alikumbuka alivyoambiwa gizani, kila kipande cha neno lile, na alibonyeza.

Uwanja ukatokea. Kamera ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyuma ya chemchemi hapakuwa na mtu, wala ukingoni.

Pembeni namba ilisoma hamsini na tano.

"Ndogo kuliko hiyo iliyobandikwa mgongoni," alisema Mwalimu. "Na uwanja wenyewe mtupu."

"Si mtupu, Mwalimu."

Akakata kipande cha selotepu, akakiweka mezani. Akapapasa mifukoni, kwenye droo, chini ya daftari, akitafuta kalamu ya kuandikia.

Kisha akakumbuka ilipo.