Akiingia Fortunata, Panya Wanalia

"Cletus, tuambie. Mashine inasema nini?"

Dk. Eusebio, mkuu wa kituo, aliuliza huku akipanga kalamu zake mezani, bila kumtazama mtu. Fortunata alikuwa amekaa mkabala na Cletus, mchumba wake, akitabasamu. Hakujua kwamba kikao kile kinamhusu yeye.

Cletus akakohoa. "Inasema panya wa chumba cha pili wana hofu."

"Wanamhofu nani?"

Cletus akainamisha kichwa. "Akiingia Fortunata, panya wanalia."

Tabasamu likamganda binti wa watu usoni.

Kituo chao kilikuwa nje kidogo ya mji wa Lindi, na kilifuga panya weupe kwa ajili ya utafiti wa dawa. Panya akiumia au akiogopa hulia kwa sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliipati. Ndiyo maana Cletus aliletwa kufunga mashine: vinasa sauti juu ya vizimba, kamera pembeni, na kompyuta inayosikiliza na kutazama kutwa kucha, ikieleza nani analia, nani kajitenga, nani kalala ubavuni mwa mwenzake. Fortunata, aliyesomea afya ya mifugo, ndiye aliyewatunza. Walikutana hapo, wakapendana hapo. Kule Mtama, kwao Fortunata, ndoa yao ilikwisha kutangazwa kanisani mara mbili. Lilibaki tangazo la tatu, la mwisho kabla ya ndoa.

"Mimi?" Fortunata aliuliza. "Mimi nawafanya nini?"

"Ndilo tunalokuuliza," alisema Dk. Eusebio. "Unawapiga? Unawabana?"

"Dokta! Nimewalea tangu hawajaota manyoya!"

"Zamani walikuwa wanakukimbilia, kamera ilionyesha. Siku hizi ukifungua mlango wanarundikana kona moja, huyu juu ya huyu. Akiingia mwenzako Hamida wametulia, wanakula."

Fortunata akamgeukia Cletus. "Mwambie basi! Wewe si unanijua?"

Cletus akatazama kalamu za dokta.

"Mashine haina chuki na mtu, Fortu," akasema kwa sauti ndogo.

Fortunata akaambiwa akae nyumbani kwanza, mpaka jambo lieleweke. Alitoka mle ndani. Cletus akamkimbilia, akamkuta amesimama dirishani kwenye korido.

"Ulijua tangu lini?"

"Kama wiki hivi."

"Wiki! Juzi umekula samaki kwangu, ukaniuliza rangi ya vitambaa vya harusi. Ulikuwa unajua?"

"Nilitaka nihakikishe kwanza. Nikamwomba Hamida..."

"Hamida! Kumbe ndiye unayetoka nje kuongea naye simu?"

"Tulikuwa tunapanga zamu!"

"Zamu gani hiyo inayopangwa kwa kunong'ona?"

Cletus akashika kichwa. Fortunata akamsogelea, akamtazama machoni.

"Niambie moja tu. Unaamini nawatesa wale viumbe?"



"Sijui," Cletus akasema. "Kwa kweli, Fortu, sijui."

Fortunata akapandisha mkono wa koti. Akazivua moja baada ya nyingine bangili tatu za fedha, alizovishwa na mama yake Cletus siku ya uchumba, akazibwaga kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mpe Hamida. Panya wanampenda, na wewe mpende."

Alipanda gari kwenda Mtama siku hiyo hiyo, machozi kwenye kanga.

Mama yake, Marietha, alikuwa akipepeta mchele uani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole swali lililomchoma kuliko yote:

"Mwanangu, hebu niambie kweli. Hukuwachapa, hata kidogo, labda umechoka?"

"Mama! Hata wewe?"

"Nauliza tu. Huyo kijana si mwongo, na wewe si mwongo. Sasa mimi nishike lipi?"

Hilo ndilo lililomvuruga Fortunata. Naye hakujua ashike lipi. Alianza kujishuku. Labda alikuwa na harufu fulani. Labda mikono yake ilikuwa mizito bila yeye kujua. Alikwenda kwenye kibanda cha mbuzi, akanyoosha kiganja. Mbuzi wakaja, wakamlamba. Badala ya kufarijika akazidi kuchanganyikiwa. Akamkumbuka Hamida, alivyokuwa akimkwepa macho siku za karibuni, moyo ukapiga paa.

Simu ikaingia ujumbe.

"Fortu pokea simu tafadhali."

Hakupokea. Ukaja mwingine.

"Nimekosa kusema sijui. Lakini ningesemaje?"

Akaandika, "Ungesema unaniamini." Akafuta. Akaandika, "Usinitafute tena." Akafuta hiyo pia. Mwisho akampigia katekista.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, bibi harusi wetu!"

"Naomba... lile tangazo la tatu lisisomwe kwanza."

"Kuna kizuizi, binti yangu?"

"Sijui kama kipo," Fortunata akasema, akakata simu.

Kabla ya Jumapili, bodaboda ikasimama nje ya nyumba. Akashuka Hamida, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi kabeba kitambaa kilichofungwa fundo.

"Umefuata nini huku?" Fortunata akafoka.

"Nisikilize kwanza, ndiyo unitukane. Nikimaliza, tukana unavyotaka."

Mama Marietha akaleta kigoda. Hamida akakifungua kitambaa: bangili.

"Nilizikuta dirishani. Nikasema zikikaa hapa zitaibwa, nikazivaa ili nije nikupe. Halafu zamu ikafika, nikaingia kulisha panya nikiwa nazo mkononi. Fortunata, hata bakuli sijaliweka chini, Cletus huyo mbio! 'Umewafanya nini? Mashine imewaka nyekundu!' Mimi nimeduwaa. Nikainua mkono kumwonyesha bakuli, bangili zikagongana, na panya wote kona moja! Huyu juu ya huyu, kama walivyosema kwako."

"Kwa hiyo..."

"Nikazivua, nikaziacha nje, nikarudi. Kimya, wanakula. Nikazivaa tena, vilio. Sisi tunasikia kengele tamu. Wao wanasikia ndani yake mlio mwingine, mkali, ambao sisi hatuupati. Tangu uvishwe hizi, ndipo walipoanza kukuogopa. Si wewe, dada. Ni bangili."

Fortunata akakaa chini. Alitaka kucheka, akalia.

"Na zile simu?"

"Alinibembeleza nichukue zamu zako, aone kama mashine imekosea. Alitaka kukusafisha, matokeo yakazidi kukuchafua. Nami nilishindwa kukutazama usoni, nikajiona nimekuchimba. Yeye alinong'ona usijue kabla hajahakikisha; mimi kwa nini nilinong'ona, muulize mume wangu Salumu. Yule hata nikiongea na kaka yangu simuni anasimama mlangoni!"

Mama Marietha akaangua kicheko. Fortunata hakucheka. Alikuwa ameonekana hana kosa, basi mbona kifua bado kizito?

Siku iliyofuata Cletus akaja mwenyewe. Hakuja na mshenga wala zawadi. Alimkuta mjomba Nikodemo ameketi barazani, kwani kwa watu wa huko ndoa ya binti haiendi bila mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, sema," alisema mjomba.

"Nimekuja kuomba radhi. Niliogopa watu waseme nampendelea mchumba wangu. Kwa kuogopa hivyo, nikamwonea. Dokta naye anaomba radhi, anataka arudi kazini."

Fortunata akatoka ndani. "Mashine yako haikudanganya, Cletus. Ilisema panya wanaogopa, na kweli waliogopa. Wewe ndiye hukuja kuniuliza. Uliwauliza wote, mimi ukanipita."

"Ni kweli."

Mjomba akakohoa. "Kijana, siku mtoto wenu akilia ndani, utasema nani kamfinya?"

Cletus akafikiri. "Nitamuuliza mama yake, mjomba."

"Utamuuliza au utamwamini?"

"Nitamwamini. Kisha tutatafuta pamoja kinachomliza."

Mjomba akamtazama mpwa wake. 

"Nakupenda," Fortunata akasema, "na nimekukasirikia, na sijui kipi kimezidi. Usinikimbize."

"Sikukimbizi."

Fortunata akarudi kazini, bangili kaziacha nyumbani. Cletus hakumsumbua. Asubuhi alimsalimia, mchana alimwachia chai mlangoni, jioni alimsindikiza mpaka stendi bila maneno mengi. Siku nyingine Fortunata alicheka naye, siku nyingine alimpita kama nguzo. Yeye mwenyewe hakujijua ataamkaje.

Ikatokea siku moja yuko chumba cha pili, ameketi sakafuni, kizimba wazi. Panya mmoja akapanda kiganjani mwake, mwingine akafuata, akalala pembeni ya mwenzake. Cletus alikuwa akitazama kompyuta chumba cha jirani. Akaja, akasimama mlangoni.

"Wametulia," akasema.

"Nawaona." Fortunata hakugeuka. "Cletus, kile ulichonijibu koridoni kiliniuma kweli."

"Najua."

"Afadhali basi ulisema sijui. Wengi wangeniambia uongo mtamu, halafu wakaniandama chinichini." Akawarudisha panya taratibu, akafunga kizimba. "Mpigie katekista. Mwambie asome."

Cletus akakalia ndoo ya chakula cha panya, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimcheza.

Jumapili hiyo kanisa la Mtama lilijaa. Baada ya komunyo, padri akasoma majina yao kwa mara ya tatu, akaongeza: "Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."

Cletus akageuza shingo, akamtazama Fortunata.

"Unaangalia nini?" Fortunata akanong'ona.

"Kama utasimama."

"Nikisimama utaniona. Tazama mbele."

Padri akafunga daftari. Mama Marietha alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, kabla hata hajaruhusiwa.