Kopo la Mama Mkwe

Mimi ni fundi cherehani. Panya siwaogopi. Lakini wale wa mama mkwe walinitoa jasho.

Mama haoni vizuri, na mikono yake hutetemeka. Kila siku saa kumi alasiri hugonga kopo la biskuti, ko, ko, ko, ili mfuniko ulegee. Siku moja niliinua macho kutoka kwenye kitambaa nilichokuwa nashona. Panya tisa walikuwa wamekaa kimya mbele ya kiti chake. Walimtazama, huku wakilamba hewa. Na kopo lilikuwa bado limefungwa!

"Mama, unaongea nao?"

"Na nani, mwanangu?"

Nywele zilinisimama. Nikamwambia mume wangu, "Mama yako ni mchawi. Ama aende kwa dada yako, ama niondoke mimi." Kesho yake akaanza kufunga nguo za mama. Mama alisikia zipu ya begi. Akalia.

Jirani yetu hulisha panya kwenye maabara. Aliliona begi mlangoni, nikamweleza.

"Lo! Hebu nipe hilo kopo."

Akakaa kwenye kiti cha mama, akagonga. Ko, ko, ko. Ukutani kukasikika mkwaruzo. Wakatoka mmoja mmoja, wakakaa, wakamtazama yeye.

"Haya, na mimi ni mchawi?"

Nikatikisa kichwa.

"Wamejifunza tu, dada. Mlio ukilia, makombo huanguka. Sasa wakiusikia, ubongo wao hutoa kemikali iitwayo dopamini. Hujiandaa kula kabla ya chakula. Hata wetu kazini hulamba hivyo hivyo."

"Mbona kwenye chai na mkate, mama akigonga kikombe, hutoka mmoja tu?"

"Kikombe huleta chembe ya mkate. Kopo huleta makombo tele. Zawadi ikiwa kubwa, dopamini huongezeka, na hamu huzidi. Mama awe anakula juu ya sinia. Mfagie makombo. Agonge kopo, lakini panya wasipate kitu."

Nikazirudisha nguo kabatini mwenyewe. Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nimekukosea sana." Akanishika kichwa, akanipa biskuti mbili.

Tukafuata ushauri wa jirani. Wiki ya kwanza walikuja panya wanne. Wiki ya tatu alikuja mmoja, akangoja, akaondoka. Tukaziba shimo lao ukutani.

Mama bado hugonga kopo, na kila siku hunipa biskuti mbili. Jana aligonga. Kabla hajafungua, nilijikuta nimeshaacha cherehani, nimekaa kimya mbele ya kiti chake, nalamba midomo.

"Umefika, mwanangu?" akauliza.